Dastan Yuko Polisi

Saa 5:20 asubuhi.

Chumba cha nyuma kwa kinyozi, mtaa wa Msamala. Watu watatu, bastola moja. Bastola ya Rupert, mkubwa wao.

"Saa saba Mussa anakwenda kuswali Ijumaa. Nyumba tupu. Dastan, unapita nyuma, unavunja kabati, unabeba mawe. Mimi na Emiliani tunakusubiri garini, nyuma ya ghala la mahindi."

Mussa alikuwa dalali wa vito. Dastan alikuwa fundi makufuli, si jambazi. Binti yake Violet, miaka sita, alilazwa hospitali ya Mbesa akisubiri upasuaji, na baba mtu hakuwa na cha kuulipia. Basi. Hilo tu ndilo lililomleta.

"Washeni lokesheni," Rupert akaamuru. "Niunganisheni. Nataka kumwona kila mtu kwenye ramani mpaka kazi iishe."

Emiliani, dereva, akaguna. "Kaka, hata mke wangu hajui niliko."

"Remmy wa kazi iliyopita naye alileta maneno hayohayo, kumbe anatuuza. Nukta ya mtu ikizima, huyo kaniuza."

Saa 6:40 mchana.

Dastan yuko njiani kwa miguu. Akatazama simu. Asilimia tatu! Umeme mtaani ulikatika tangu jana. Ikizima, kwisha habari yake. Akakimbilia kibanda cha Aidani, anayechajisha simu kwa sola.

"Ichomeke. Nairudia sasa hivi."

Afadhali nukta ibaki hai, aliwaza. Jamani, fundi mzima na akili hiyo! Kibanda kimeegemea ukuta wa polisi. Kwenye ramani ya Rupert hakukuwa na kibanda. Kulikuwa na polisi tu.

Saa 7:05.

"Dastan yuko polisi," Rupert akasema garini.

"Labda anapita," Emiliani akamtetea.

"Dakika ishirini na tano anapita?"

Emiliani akachungulia nje.

Saa 7:20.

Dastan akatokea anahema, mfuko kifuani.

"Mawe haya, kaka! Yote!"

"Simu yako iko wapi?"

"Naichajisha kwa Aidani..."

"Muongo mkubwa wewe!"

"Haki ya Mungu, kaka, kibanda kiko..."

Risasi mbili.

Emiliani akaruka chini, akaufungua mfuko. Mawe ya bluu, tele. Msaliti gani analeta mzigo? Rupert akampokonya, akashika usukani, akatimka peke yake.

"Simu yangu," Dastan akanong'ona. "Mama Violet atapiga. Pokea."

Hakusema tena.

Emiliani angeweza kukimbia. Njia ya Maposeni ilikuwa wazi kabisa. Alilia, akajifuta uso kwa mikono yenye damu, akaenda kwa Aidani.

Saa 7:45.

Askari wawili getini wakaliona shati lake. "We! Simama hapohapo!"

Simu ikaita. Aidani, macho yamemtoka, akampa. Emiliani akapokea huku pingu zinakuja.

"Baba Violet!" Mwanamke alikuwa analia kwa furaha. "Wamejitokeza wafadhili! Mtoto ameshapasuliwa, amefumbua macho, anakuulizia. Uko wapi?"