Shimo Chini ya Chumba cha Chiriku

Nilitoka kwenda kufunika shimo tu. Hilo tu. Mawingu yalikuwa yamejikusanya, jua linazama, fundi ameshaondoka, nikasema nikilaza turubai na kulikandamiza kwa matofali nitarudi ndani kabla uji wa mtoto haujapoa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikikimbia hutanielewa.

Nyumba yetu ilikuwa inadidimia. Kona moja, ile ya chumba cha mwanangu wa miaka mitatu, tunamwita Chiriku kwa jinsi asivyonyamaza. Mlango haufungi, mpira ukiuweka sakafuni unajiendea wenyewe mpaka konani, na ufa umepanda kutoka dirishani hadi darini, vidole vyangu vinaingia. Fundi wa misingi akaja, akabandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa plasta. "Kikivunjika, ujue bado inakwenda."

Kilivunjika siku ya tatu.

Akanipa njia mbili. Ya kwanza, mashine ishindilie mabomba ya chuma kutoka nje mpaka kwenye udongo mgumu, nyumba ikae juu yake, mtu haingii chini. Ya pili, mashimo sita ya kuchimbwa kwa mkono chini ya msingi, moja moja, yasiyopakana, kila moja linajazwa zege ndipo jingine lifunguliwe. Nikampigia mume wangu, yuko mbali kikazi. "Mama Chiriku, wewe ndiye uko hapo, chagua." Basi nikachagua mashimo. Nilitaka kuona kwa macho yangu kilichoko chini. Bomba linaingia gizani, nani atajua limeshika nini?

"Mimi ningechukua mabomba," fundi akasema. Hakusema kwa nini. Nami, mjinga, sikuuliza.

Siku ya kwanza nikampelekea chai. "Fundi! Chai hii hapa!" Kimya, na sururu naisikia inagonga. Nikaita tena. Akapanda, anajifuta uso.

"Mama, nikiwa chini siitiki. Nigongee chuma, nitapanda."

"Kwani ukiitika utapungua?"

"Ndivyo tulivyofundishwa kazi hii. Na wewe ukisikia mtu chini, usiitike."

"Mtu gani, na uko peke yako?"

"Ndiyo maana," akasema, akanywa chai yake.

Nilicheka. Naapa, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mashimo matano yakaenda salama. La sita, la kona ya Chiriku, alilifungua mchana ule, na punde nikamwona anapanda mbio, jasho linamchuruzika. Zege kesho asubuhi, akasema, leo mtu asisogee hapa. Koleo lake aliliacha kulekule chini.

Sasa ndiyo jioni hiyo. Nimekumbatia turubai. Chiriku yuko dirishani ananichungulia.

Nikapiga magoti ukingoni. Kwanza harufu. Si ya udongo. Jasho... jasho la mtu aliyebeba kitu kutwa nzima.

Halafu pumzi.

Hhh... hhh...

Nikawasha tochi ya simu. Upande wa chini wa msingi ulikuwa wazi, na hapakuwa na udongo wowote ulioushika. Hewa tupu. Lakini zege lile la zamani lilikuwa limesuguliwa likang'aa, kama mpini wa jembe unavyong'aa kwa kushikwa. Sehemu mbili. Zimeachana upana wa mabega.

Na chini yake, kwenye tope, nyayo mbili. Zimezama sana, kama za mtu aliyesimama hapo miaka.

Juu ya nyayo hapakuwa na mtu.

Nikaweka mkono ukingoni niinuke. Ndipo sauti ikaja, ya chini, ya adabu, ya mtu mzima aliyechoka.

"Mwanangu... nipokee."

Wewe unajua tulivyolelewa. Mtu mzima akija na mzigo hungoji kusukumwa, unakimbia na mikono umeinyoosha. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na meno ya utoto. Mdomo ukatangulia, akili ikabaki nyuma.

"Haya. Leta."

Mikono nayo ikanyooka.

Kisha pumzi moja ndefu, ya mtu aliyetua. Kitu kikanipita usoni taratibu, kama mtu anavyokupisha mlangoni, kikaenda zake na harufu yake. Nyumba nzima ikalia kwiii...

Na mabega yangu yakashuka.

Asubuhi fundi alikuta ufa umejifunga, hata ukucha hauingii. Hakufurahi. Alilitazama shimo, akanitazama nilivyosimama nimepinda.

"Uliitika?" akanong'ona.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akavua kofia.

"Fundi, si utamwaga zege? Zege si ndilo litakalobeba?"

"Nitamwaga, mama. Mahali pengine tulimwaga pia, haikusaidia." Akaanza kukusanya vyombo. "Kwa mabomba asingekuona."

Ni nani? Alianza lini? Aliwekwa au alijiweka? Hakunijibu hata moja. Alimwaga zege, akabandika kioo kipya, akaondoka hakurudi.

Nilijaribu kuondoka. Nilimshika Chiriku mkono, tukafika mwisho wa mtaa tu, nikasikia pah! mpaka pale tulipo. Tuliporudi kioo kilikuwa vipande viwili na mlango wa chumba haufungi. Nilipobaki nyumbani, ukafunga tena. Mume wangu anasema umechoka tu, mama, pumzika, nyumba si imepona?

Imepona. Mimi ndiye siwezi tena kumbeba mtoto wangu. Nikilala mzigo hautui, nikiinama hautui.

Kila jioni nikiingia kutoka uani, mikono mitupu, Chiriku anakuja mbio na kunyoosha viganja vyake vidogo, kama nilivyomfundisha mwenyewe, nikamsifu mbele ya majirani kwamba ana adabu.

"Mama, umechoka. Nikupokee?"

Nauma midomo mpaka natoka damu. Simjibu. Anasubiri, ananitazama mabega, anaondoka. Kesho yake anauliza tena. Nao mzigo kila siku ni mzito zaidi ya jana.

Leo nilijikuta nimeshafungua mdomo.