Rundo Alilolipiga Teke Kimball

Mdogo wangu Janeal na mumewe Kimball walifika kwangu Kanab, mji mdogo wa jangwani, Alhamisi moja ya Julai mchana, wakiwa na mabegi ya mgongoni na kasha la matunda ya pichi kutoka kwao Provo. Walikuwa wanaadhimisha miaka kumi ya ndoa. Mpango wao ulikuwa wa kawaida: kutembea kwenye miamba myekundu, kupiga picha, kula kwangu, kisha Jumatatu kurudi kazini. Kimball ni seremala. Msumeno ulimkata nusu ya kidole cha kati, mkono wa kulia, naye hupenda kuwaambia watoto kwamba amekisahau mahali.

Huku kwetu, kwenye mwamba mtupu, njia haionekani. Watu hupanga mawe, moja juu ya jingine, na anayekuja nyuma hufuata marundo hayo. Siku hizi watalii wanapanga mawe popote, kwa ajili ya picha tu. Watembeaji wazoefu kama Kimball wanakerwa. Wakikuta rundo lisiloonyesha njia, wanalibomoa na kuendelea.

Yaliyotokea Ijumaa nimeyapata kwa Janeal. Yaliyofuata niliyaona mwenyewe.

Asubuhi hiyo waliingia kwenye korongo jembamba, la upana wa mtu kunyoosha mikono. Katikati, kwenye mchanga, walikuta rundo lililofika kiunoni.

"Ona uchafu huu," Kimball alisema.

"Liache, bwana. Limekukosea nini?"

"Korongo lina njia moja. Rundo la nini? La kumwonyesha nani?"

"La kumwonyesha fundi asiyejua kutulia likizoni."

Kimball alicheka, akalipiga teke. Mawe yalitawanyika. Mahali lilipokuwa palikuwa na alama ya kiganja, kidogo, cha mwanamke. Alama hiyo haikuzama mchangani. Ilikuwa imeinuka, kama mtu amesukuma kutokea chini.

Janeal hakutaka kuipiga picha.

Walitoka upande wa pili wa korongo, wakala, wakaanza kurudi kwa juu, wakifuata marundo kwenye mwamba. Yalikuwa mengi kuliko walivyotarajia, na yamepangwa vizuri. La mwisho lilikuwa ukingoni. Waliteremka hapo kwa makalio, wakiteleza, hadi wakadondoka kwenye mchanga. Ukuta waliotelezea ulikuwa laini kama bakuli. Haukupandika.

Mbele yao palikuwa na mawe yaliyotawanyika. Pamoja na kile kiganja.

"Tumezunguka tu," Kimball alisema.

Walikwenda kulia. Korongo lilipinda, likapinda tena, likawarudisha kwenye mawe. Walikwenda kushoto. Mawe yale yale. Asubuhi walikuwa wameingia upande mmoja na kutoka wa pili. Sasa hapakuwa na upande.

Radi ilinguruma mbali. Mtu wa huku akiwa ndani ya korongo na akasikia radi, anajua. Mvua ikinyesha juu, hata ukiwa hujaiona, maji hushuka humo kwa mkupuo.

"Panda mabegani kwangu," Kimball alimwambia.

"Na wewe?"

"Utanirushia mkanda wa begi. Panda, Janeal. Panda sasa."

Alipanda. Vidole vilishika ukingo. Kimball alimsukuma miguu, naye akajivuta hadi juu. Akafungua mkanda, akalala kifudifudi, akauteremsha.

"Shika."

Kimball alikuwa amepiga magoti, amempa mgongo. Alikuwa anaokota mawe.

"Kimball! Shika mkanda!"

Hakugeuka. Alijibu kwa sauti ya chini, ya mtu aliye kazini.

"Subiri nimalize."

Alikuwa anayapanga kumzunguka. Jiwe juu ya jiwe. Kisha maji yakaja.

Janeal alifika kwangu usiku, peke yake, na Jumamosi asubuhi nilikwenda naye pamoja na kikosi cha uokoaji cha kujitolea. Kiongozi wetu ni Verl, polisi mstaafu. Tuliingia kwa mlango wa kawaida, na korongo halikutuzungusha. Tope lilikuwa limeganda kwenye kuta hadi juu ya vichwa vyetu. Katikati palisimama rundo, refu hadi kifuani kwa mtu. Mawe yalikuwa makavu.

Verl alinyoosha mkono kulibomoa.

"Usiliguse!" Janeal alipiga kelele. Akatueleza habari za kiganja.

Verl alichimba pembeni badala yake. Chini ya mchanga kidogo tu, mwamba. Hata mbwa asingefukiwa hapo. Kisha akaniita, akaninong'oneza, lakini korongo hubeba sauti.

"Jana kuna mama kaingia kituo cha mafuta. Midomo imepasuka. Kaomba maji, akamuulizia mumewe. Nilipofika alishaondoka."

Janeal alisikia. Nilimwona akilitazama rundo. Hakulia tena baada ya hapo.

Alikaa kwangu zaidi ya miezi miwili. Nilificha funguo za gari lake. Alioka mikate, alisaidia kanisani, watu wakasema anajitahidi. Asubuhi moja ya Oktoba nilikuta kitanda kimetandikwa na gari halipo. Kumbe alikuwa na funguo za akiba.

Nilikuwa bado natafuta viatu vyangu mlango ulipogongwa.

Alikuwa Kimball. Amekonda, midomo imepasuka, nywele zimejaa vumbi jekundu.

"Naomba maji, shemeji," alisema. "Mke wangu yuko wapi?"

Nilimpa maji. Nilimwambia katoka kidogo, nikamkalisha jikoni. Aliniuliza kwa nini pichi zao zimeisha.

Nilikwenda peke yangu. Gari la Janeal lilikuwa limeegeshwa mwanzo wa njia, limefungwa vizuri. Korongoni rundo lilikuwa limesimama, lakini fupi kuliko lile la Julai. Lingefika kifuani kwa Janeal.

Niliinama. Kati ya mawe ya chini mchanga ulikuwa umeinuka. Kiganja kidogo. Kwenye kidole cha pete kulikuwa na mkunjo wa duara, kama wa pete.

Niliweka mkono juu ya jiwe la juu kabisa. Ilibaki kulisukuma tu. Nilisimama hapo muda mrefu. Kisha niliondoa mkono, nikarudi nyumbani.

Kimball alikuwa bado jikoni. Nilimwambia sijamwona Janeal, kwamba Verl atatafuta kesho, kwamba ale kwanza, nikamwekea chai.

Alitazama viatu vyangu, vumbi jekundu lililofika hadi kwenye kamba. Alitazama hivyo hadi chai yake ikapoa.

Kisha akanyoosha ule mkono wenye kidole kilichokatika, akaukunjua juu ya meza.

"Nipe funguo za gari, shemeji."