Nyumba ya Karatasi Yenye Mlango Mmoja

Mkono ulipunga wenyewe.

Ilikuwa saa saba mchana, umeme umekatika, feni imetulia, hata pazia halitikisiki. Fundi kadi aliweka mkasi chini. Mbele yake ilikuwa kadi aliyoimaliza asubuhi ile kwa mteja mmoja asiyependa maneno mengi: nyumba ya karatasi, mlango mmoja, mwanamke dirishani. Pembeni kilichungulia kipande chembamba walichokiita ulimi. Ukiuvuta, mlango unafunguka na mwanamke anapunga. Ukiusukuma, mlango unajifunga.

"Umeigusa hii?" akamuuliza mdogo wake.

"Mimi niko huku, dada, nitaigusaje? Labda anakusalimu. Si wewe uliyemzaa?" Mdogo wake akacheka peke yake.

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ilianza kutanda. Kadi zilizokuwa ndani ya maboksi zikachakacha, tk, tk, tk, kama kucha juu ya mbao. Kisha, machoni pao wote wawili, ule ulimi ukateleza ndani. Mlango wa karatasi ukajifunga. Mlango wa chumba nao ukajibamiza.

Walivuta kitasa hadi viganja vikawaka moto. Dirishani mlikuwa na nondo. Waliita mpaka sauti zikawakauka, lakini wapita njia walipita tu, hakuna aliyeinua kichwa.

Ndipo wakasikia hatua za fundi cherehani wa chumba cha jirani. Kitasa kikazungushwa, bawaba zikalia, mlango ukafunguliwa. Na bado, mbele ya macho yao, ulikuwa umefungwa vilevile.

"Hodi jirani! Mkasi wangu butu kama ulimi wa mtoto, niazimeni wenu." Akaingia. "Makubwa! Wameacha chumba wazi na chai inafuka moshi."

"Tuko hapa! Jirani, tuko hapa!"

Hakusikia. Walimsikia akisogea mezani, kisha akarudi mbio mlangoni. "Mama mkwe," akaita kuelekea chumbani kwake, "hebu njoo uone. Hii kadi ina wanawake watatu dirishani. Wawili wanalia."

 Dada alipogeuka alimwona mdogo wake ameinua mkono wa kulia, unakwenda kushoto, unarudi kulia, taratibu, kama unaovutwa na mtu aliyejificha nyuma ya ukuta, huku machozi yakimtiririka na midomo ikijaribu kusema "dada, nishike" bila kutoa sauti, na kutoka kwenye kuta zenyewe, ambazo sasa zilikuwa nyembamba na nyeupe kiasi cha kupitisha mwanga, ikaja pumzi ya mtu aliye karibu mno na sikio.

"Umenijengea nyumba nzuri. Nimechoka kukaa peke yangu. Mmoja atabaki."

"Nibakize mimi," dada akasema. "Mwache mwenzangu."

"Sikukuuliza wewe."

Huko nje, mama mkwe wa fundi cherehani alikuwa amefika. Bibi yule alijulikana kwa kufungua waliofungwa kwa uchawi. Alisoma maneno yake kwa kunong'ona, kisha akapaza sauti. "Wajukuu zangu, nauvuta ulimi. Shikaneni mikono mtoke, na asigeuke mtu!"

Mlango ukafunguka. Dada alipapasa nyuma, akaukamata mkono, akatoka mbio bila kugeuka, wakaangukia sakafuni koridoni.

"Mmoja, wawili," bibi akahesabu. "Mungu ni mkubwa." Hakungoja hata kuwatazama nyuso. Aliitupa kadi ndani ya kopo, akaiwasha.

Karatasi ikajikunja. Kutoka katikati ya miali ikatoka sauti ndogo, ya mbali, iliyojaa hofu, sauti ambayo dada aliijua tangu ilipoanza kutamka maneno.

"Dada! Umeshika mkono wa nani?"

Moto ulikuwa umeshafika kwenye dirisha la karatasi. Na vidole vilivyokuwa ndani ya kiganja chake vikambana, polepole.