Kikombe Kisichomwagika

Treni ilikuwa ikikimbia kilomita mia sita kwa saa, na kikombe cha kahawa kilikuwa kimejaa pomoni. Mhandisi Kalunde Mihayo alikiweka mezani mbele ya bosi wake, Bwana Lusinde. Sekunde kumi baadaye treni ilikuwa imesimama kimya katika stesheni ya Tabora. Hakuna aliyerushwa mbele, na hata tone moja halikumwagika.

"Kesho kwenye uzinduzi kila mgeni apewe kahawa," alisema Bwana Lusinde. "Waone wenyewe."

Kazi hiyo ilifanywa na kihamishakani, mashine iliyomla Kalunde miaka minane ya maisha yake. Kitu kinachokwenda hutaka kuendelea kwenda. Ukitaka kukisimamisha ghafla, lazima ukizuie kwa kani kubwa, na kani hiyo haina budi kuegemea mahali. Kihamishakani kiliuchukua mshtuko wote wa treni na kuupeleka kwenye nguzo ya chuma iliyozikwa ardhini, sehemu iitwayo Itumbi. Setilaiti ilikuwa imepapiga picha pale na kuona nyasi tupu.

Mchana huo Kalunde alikwenda kuikagua nguzo. Chini ya zile nyasi akakuta watu. Vilikuwa vibanda vya wafinyanzi, na ndani yake vyungu vibichi vimepangwa safu kwa safu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila angalia unapokanyaga," alisema mwenye kibanda, Mama Nyanzala.

"Mbona hamkuezeka bati?"

"Bati lina joto. Chungu kibichi kinataka kivuli cha nyasi, kikauke polepole."

Kalunde aliona aibu. Setilaiti haikujua kutofautisha paa na pori, na yeye hakuwahi kufika kuangalia kwa macho yake.

Saa tisa kamili treni nyingine ya majaribio iliingia stesheni. Ardhi ya Itumbi ikapiga kama mlango uliobamizwa. Mama Nyanzala aliwahi kuvidaka vyungu viwili, kimoja kila mkono, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Vilivyobaki vilipata nyufa.

"Hivi sasa ni mara mbili kwa siku," alisema. "Tumesikia kuanzia kesho ni mara arobaini. Sisi tunaweza kuhama, lakini udongo huu wa kufinyangia haupatikani kwingine."

"Mashine ni yangu, mama," Kalunde alisema kwa shida.

Mama Nyanzala alimtazama bila hasira. "Na nyinyi mliomo ndani ya treni, mnasikiaje?"

"Hatusikii kitu."

Kalunde alimpigia simu bosi wake palepale. Bwana Lusinde alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema uzinduzi hauahirishwi kwa ajili ya vyungu.

Kesho yake, kilomita arobaini kabla ya Tabora, Kalunde alikizima kihamishakani na kuanza kufunga breki. Kani ndogo ikipewa muda mrefu husimamisha treni ileile. Breki zilinguruma, mabehewa yakatikisika kidogo, na wageni wakajikuta wameinama mbele. Kahawa ikamwagika kila meza, hadi kwenye suti nyeupe ya Bwana Lusinde.

"Nani amezima mashine?"

"Mimi."

"Umetuchelewesha dakika nne, Kalunde. Umewamwagia wageni kahawa. Unajua kazi huna?"

"Najua, bosi." Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza. "Lakini huu mshtuko ni wetu. Nimeurudisha tu."