Soja wa Tovuti Tatu

Jumatatu, saa nane mchana.

Chumba cha nyuma ya agroveti, duka la dawa za mifugo katikati ya Eldoret, kilinuka dawa ya kupe. Kipyego, mkubwa wa genge, alitaka kuelezwa upya. Hakuwa mjinga. Hakuamini tu.

"Website tatu," akasema Wangari, fundi wao wa kompyuta. "Mnunuzi wa mahindi, kampuni ya malori, na stoo. Mkulima akishuku moja, zile zingine zinaisifu. Lakini zote ni program moja."

"Na hazichanganyikani?"

"Kuna middleware. Ni kama soja wa geti. Anaangalia umeandika jina la website gani, anakupeleka kwa hiyo. Hata simu yako anaijua."

Kipyego akamgeukia Collins, dereva wake, aliyemleta Wangari na kuapa kumuoa. "Huyu akituchezea, naanza na wewe."

"Sawa, mzee." Collins alicheka. Mapenzi ni upofu, na yeye hata fimbo hakuwa nayo.

Jumanne, saa tatu asubuhi.

Malori ya mahindi yalitoka mji mdogo wa Ziwa. Wakulima walikuwa wameambiwa washushe mzigo kwenye ghala la siku hiyo, lililotajwa kwenye tovuti ya mnunuzi, malipo jioni. Kipyego aliifungua kwa simu yake, kama kila asubuhi. Mtaa wa Langas, ilisema. Yeye na Collins wakaenda kusubiri kwenye ghala la Langas.

Saa sita.

Hakuna lori. Wangari, aliyebaki agroveti, hakushika simu. Kipyego akatoka nje, akamsimamisha mtu wa boda, akaazima simu yake na kufungua tovuti ileile. Barabara ya Kitale, ikasema.

Wezi walikuwa wameibiwa. Soja aliwapeleka wakulima wote kule, na Kipyego huku.

Walirudi ndani ya ghala tupu.

"Leta simu yako," Kipyego akamwambia Collins.

Collins hakuwahi kuifungua tovuti hiyo. Ya nini, na mwenye kuitengeneza alilala kifuani pake? Sasa alimwomba Mungu imwonyeshe Langas. Kudanganywa pamoja na mkubwa ndiko kungemwokoa.

Ukurasa ukafunguka. Barabara ya Kitale.

"Kumbe ulijua."

"Sikujua, mzee! Haki ya Mungu! Angenipenda, angenidanganya na mimi."

Uchungu ulimfikia kabla ya woga. Wangari alijua mkubwa angeitaka simu hiyo. Aliiacha ionyeshe ukweli makusudi, wao wamalizane huku, yeye aende zake na mahindi.

Kipyego akauvuta mlango wa ghala, akaufunga kwa ndani.