Unyayo Kwenye Udongo Mbichi

Jua lilikuwa linazama Mwanasha alipobeba bakuli la wali na samaki, akamwambia jirani yake kwamba anampelekea mumewe chakula kanisani. Uongo mtupu. Komora, fundi aliyelijenga kanisa hilo, alikuwa kwa Mzungu wa misheni tangu alasiri. Bakuli lilikuwa la kuwafumba watu macho tu. Alichokifuata Mwanasha ni unyayo wa mke mwenzake.

Miaka ile watu walitoka hata Kinakomba kuja kulishangaa kanisa la Kau. Lilisimama katikati ya zogo la soko, kuta zake nyeupe kwa chokaa ya Kipini, madirisha marefu yaliyochongoka juu, na mnara ulioipita minazi kwa urefu. Nyumba za nyasi kandokando yake zilionekana kama zimechuchumaa. Mwanasha alilichukia. Mzungu alikuwa amesema wazi: anayetaka kubatizwa Jumapili awe na mke mmoja. Komora alitaka kubatizwa. Na alikuwa na wake wawili.

Nani angeachwa? Mwanasha wa miaka yote, au Tuneya, kimwana aliyeolewa juzijuzi, ambaye akipita sokoni wanaume husahau bei walizotaja? Ah! Jibu alidhani analijua, na lilimchoma kifuani.

Tuneya ndiye aliyekuwa akisiriba sakafu ya kanisa kwa udongo wiki nzima. Na wanawake wa mtoni walinong'onezana hivi: ukichota udongo aliokanyaga mtu ukauzika chini ya mafiga yako, mwenyewe ananyauka taratibu mpaka aishe.

Mlango ulikuwa wazi. Soko lilikuwa likivuma nyuma yake, lakini alipofika kizingitini...

Kimya.

Harufu ya tope la mto ilimpiga puani. Sakafu nzima iling'aa, imesiribwa sasa hivi. Na nyuma ya madhabahu, gizani... shwaa... shwaa... Kiganja kikisugua udongo.

"Yuko kazini, malaya huyu," Mwanasha alijisemea moyoni.

Karibu na kizingiti palikuwa na unyayo mmoja, mdogo, mwembamba. Wivu ulimpanda hata akili ikamruka. Anayesiriba hurudi kinyumenyume hadi mlangoni asiache alama. Binti wa Kipokomo hulijua hilo kabla hajajua kupika. Sasa aliyekuwa kule mbele angetoka vipi? Na mguu wa pili ulikanyaga wapi? Mwanasha hakujiuliza. Alipiga magoti, akaukwangua unyayo wote, akaufunga kwenye pindo la nguo yake.

Shwaa ikakoma.

"Karibu, mwenzangu," sauti ikanong'ona kutoka gizani. "Nichukue."

Alikimbia mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma. Alifukua chini ya mafiga kwa kucha, akauzika ule udongo.

Komora alirudi amechoka, macho mekundu.

"Mama Dado," alimwambia Mwanasha kwa sauti ya chini. "Nimemwambia Mzungu. Nimekuchagua wewe."

Machozi yalimtoka Mwanasha kwa furaha, kisha kwa aibu.

"Na Tuneya?"

"Nimemrudisha kwao. Mtumbwi wao umeondoka asubuhi."

"Asubuhi? Na sakafu... leo amesiriba nani?"

"Sakafu gani? Kanisa limefungwa tangu jana." Alichomoa ufunguo kiunoni akamwonyesha. "Huu hapa." Kisha akaingia ndani kulala.

Mwanasha alirudi mbio kwenye mafiga, akafukua.

Shimo lilikuwa tupu. Kuta zake zimesiribwa laini, bado mbichi.

Kutoka chumbani akamsikia mumewe, akiwa nusu usingizini, akicheka kwa mahaba.

"Sogea kidogo, mke wangu. Mbona mguu wako wa baridi hivi?"

Sauti tamu namna ile Mwanasha hakuwahi kuisikia tangu Tuneya aolewe. Hofu ilimwambia akimbie. Wivu ukamsukuma ndani, akamwone huyo mwanamke.