Jina la Saba

"Ndege mmoja amezidi tunduni. Mhesabu."

Amri ya Mkuu iliingia kwenye kipokea sauti cha sikioni. Jasusi Kimya alikuwa juu ya ngazi ya kuazima, ngazi yenyewe ikicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Kwa jirani yeyote alikuwa fundi wa umeme. Bastola ya Glock iliyofichwa ndani ya ovaroli haikumhusu jirani.

Alishuka mbiombio, akaingia ndani.

Tundu ni Wi-Fi ya nyumba hii, walimofichwa shahidi na walinzi wake, na ndege ni kila kifaa kilichounganishwa nayo. Shahidi alikuwa dereva aliyekubali kuwataja mahakamani wasafirishaji wa silaha za magendo. Angetolewa saa nne kamili asubuhi.

Sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Kimya alifungua kwenye kompyuta mipangilio ya kisambaza mawimbi ya Wi-Fi. Alikifunga mwenyewe. Nywila peke yake haikutosha. Kifaa kisichokuwemo kwenye orodha kilikataliwa mlangoni. Orodha ilikuwa na vifaa saba. Sita vilikuwa humu ndani.

Cha saba nacho kilikuwa hewani.

*Simu ya Kitinda.*

Kitinda alikuwa mdogo wake, jasusi mwenzake, na walikuwa wamemzika miezi mitatu iliyopita. Waliomuua waliondoka na simu yake. Jina lake lilitakiwa kufutwa siku ileile. Kimya alikaa mbele ya skrini hii hii, kidole kwenye kitufe, akashindwa. Alijiambia atafuta kesho.

Kesho haikufika, na sasa wauaji walikuwa wakitazama kamera za geti kupitia Wi-Fi hiyo, wakimsubiri shahidi.

"Mkuu, ni simu ya mdogo wangu."



"Hukuifuta?"

"Nilishindwa, Mkuu."

"Hayo baadaye. Aliyeishika yuko wapi?"

"Nipe dakika tano."

Alipunguza nguvu ya mawimbi kidogo kidogo. Mita hamsini. Thelathini. Kumi na tano. Anayetaka kuendelea kuchungulia ilibidi asogee. Jina la Kitinda likapotea, kisha likarudi. Likapotea tena. Kimya akajikuta anaomba lirudi, akajionea haya.

Lilirudi.

"Ukuta wa nyuma. Ndani ya mita kumi na tano hakuna maficho mengine," alinong'ona.

Akapita dirishani.

Mtu mwenye kofia alikuwa amechutama nyuma ya tangi la maji. Mkono ulikimbilia kiunoni. Teke moja, bastola ikaangukia majanini. Pingu zikalia.

"Simu hii umeitoa wapi?"

"Niliiokota, bosi."

"Uliiokota mkononi mwa mtu."

Alitamani kumpiga. Hakumpiga. Picha kwenye kioo cha simu ilikuwa ya mama yao, anacheka.

Saa nne kamili gari la shahidi lilitoka. Shahidi alipunga mkono kwa furaha, hajui lolote.

"Kimya," Mkuu aliita redioni, sauti imeshuka. "Hiyo orodha."

"Nafuta, Mkuu."

"Pole sana, ndugu yangu."

Alikaa mbele ya kompyuta. Akaligusa jina. Mashine ikamuuliza kama ana uhakika.

"Sina," aliijibu.

Akabonyeza ndiyo.

Vikabaki vifaa sita. Alibadilisha nywila, akarudisha nguvu ya mawimbi, akabeba ngazi begani.

"Vipi fundi, imekaa sawa?" mlinzi wa geti alimuuliza.

"Imekaa sawa, mzee wangu."

Akaenda zake kwa mwendo uleule wa siku zote, jua la saa nne likimwangaza, na machozi yakimtoka bila kuyafuta.